Hoja Nane Dhidi ya Kuandika Pamoja, Zikiwekwa Mizanini

Wanaopinga watu wawili kuandika kwa wakati mmoja ndani ya faili moja, kwenye kihariri cha chanzo huria, wameshasema yao nanyi mmewasikia. Wamesema Vim, Neovim na Emacs ni zana za mtu mmoja mbele ya kioo kimoja. Anayetaka kuandika na mwenzake aende kwenye huduma za mtandaoni za makampuni makubwa, atuachie vihariri vyetu vikiwa vyepesi. Nimezisoma hoja zao kwa makini, na baadhi zina ukweli ambao sina haja ya kuukana. Ninachowaomba nyinyi mnaohukumu ni kwamba msizipime moja moja tu. Zipimeni pia zikiwa zimekaa pamoja, kwa sababu hapo ndipo zinapoanza kukanushana.

Kwanza tukubaliane kinachodaiwa. Hakuna aliyeomba Vim igeuzwe Google Docs. Kinachodaiwa ni kwamba kiini cha kihariri kifungue milango mitatu: kitoe taarifa kamili ya kila badiliko papo hapo, kipokee badiliko la mwingine bila kuvuruga kishale wala historia ya kutendua ya mwenye mashine, na kiweze kuonyesha vishale vya wenzake. Hesabu za kuoanisha maandishi, mawasiliano ya mtandao na utambulisho wa watu vyote vikae nje, kwenye programu nyingine. Wala si wazo la juzi. Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart akiwa jukwaani San Francisco alionyesha yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park wakishughulikia maandishi yale yale kwenye vioo vyao.

Hoja ya kwanza: Git inatosha. Kila mtu aandike kwake, kwenye tawi lake, kisha kazi iunganishwe. Pakiwa na mgongano uonekane wazi, na binadamu auamue. Kwa kazi ya siku mbili ni hoja nzuri. Kwa kazi ya dakika mbili haina la kusema. Wawili wanaosaka kosa moja ndani ya kitendakazi kimoja hawawezi kuweka kazi kwenye historia kila baada ya sekunde tatu ili mmoja aone mwenzake amefuta nini. Tangu mwaka 2005 Git imekuwa ikihifadhi maamuzi yaliyokwisha kufanywa, ilhali kuandika pamoja kunahusu muda ule ambapo uamuzi bado unatafutwa. Kikao kikiisha, matokeo yake huingia kwenye Git kama kazi nyingine yoyote. Tena watumiaji wa Git wenyewe wanalijua hili: wana mazoea ya kuongeza mstari wa Co-authored-by chini ya maelezo ya badiliko, na GitHub imekuwa ikionyesha majina yote yaliyotajwa humo tangu 2018. Kama badiliko moja huandikwa na mtu mmoja, mstari huo unafanya nini pale?

Hoja ya pili ina vipande viwili, na mara nyingi vyote hutoka kinywa kimoja. Kipande cha kwanza: hakuna haja ya kitu kipya, kwa sababu wawili wanaweza kuingia kwenye kikao kimoja cha tmux kupitia SSH. Kipande cha pili: kuandika pamoja ni hatari, kwa maana kunamruhusu mtu wa nje aguse mashine yako. Viwekeni pamoja muone. Aliyeingia kwenye kikao chako cha tmux anaandika kama wewe. Ana faili zako zote, ana vibali vyako, na akiandika amri ya kufuta folda nzima, folda itafutika. tmux inaweza kumfanya mgeni awe mtazamaji tu, lakini mtazamaji haandiki, na kuandika ndiko tunakokuzungumzia. Aidha kishale ni kimoja, hivyo wote wawili wakibonyeza kwa pamoja herufi zao huchanganyika. Kihariri cha pamoja hupitisha maandishi ya faili uliyoikubali, basi. Anayemnyima mgeni kiti cha sebuleni huku akimkabidhi funguo za nyumba nzima hawezi kutuhubiria usalama.

Ukweli ulio ndani ya hoja hiyo nauacha ulipo. Maandishi nayo yanaweza kudhuru. Mwaka 2019 Vim ilikutwa na tundu, CVE-2019-12735, lililofanya faili iliyofunguliwa tu iweze kutekeleza amri. Na mwenzako akiandika ndani ya Makefile, kisha wewe ukaiendesha, umeendesha maagizo yake. Lakini hatari hiyo hiyo imo katika kila faili unayoipokea kwa barua pepe au kwa Git. Ni sababu ya kuwa makini na wageni wote. Haiwezi kuwa sababu ya kumkataa mmoja wao.

Hoja ya tatu ndiyo inayopendwa kuliko zote: jambo hili liwe programu-jalizi, kiini kisiguswe, asiyelihitaji asibebeshwe. Nakubali, ila programu-jalizi hufanya kile tu ambacho kiini kinairuhusu. Mwaka 2013 watu wa Floobits, kampuni iliyotaka watumiaji wa vihariri tofauti waandike pamoja, waliwasilisha kiraka cha kuipa Vim vipima muda. Hakikukubaliwa. Programu-jalizi yao ikabaki kuihadaa Vim kwa kutumia tukio linalochomoza kishale kikitulia, ili tu ipate nafasi ya kuchungulia kama upande wa pili kuna aliyeandika kitu. Neovim ilianza 2014, malalamiko ya aina hiyo yakiwa mezani. Vim yenyewe ikaleta vipima muda, kazi za nyuma na njia za mawasiliano katika toleo la 8.0, Septemba 2016. Kwa hiyo kile kilichokataliwa kiliingia ndani ya kiini cha Vim miaka mitatu baadaye, na leo simsikii mtu akidai kimeiharibu. Upande wa Emacs, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikizitangazia programu-jalizi kila badiliko, kifurushi cha crdt.el kinapatikana katika hazina ya GNU ELPA. Aina ya programu-jalizi ni ile ile. Kilichotofautiana ni milango ya kiini.

Chukueni jambo la kutendua, maana ndilo linaloumbua hoja hii. Juma na Asha wako kwenye faili moja ndani ya Neovim. Juma anarekebisha herufi moja. Asha, mistari arobaini chini yake, anaandika aya nzima. Juma anaiona herufi yake si sahihi, anabonyeza u. Aya ya Asha iliingizwa kwenye mashine ya Juma na programu-jalizi, nayo imo ndani ya historia ile ile ya kutendua. Kwa kuwa ndiyo iliyoingia mwisho, ndiyo inayofutika. Na kwa kuwa kufuta nako ni badiliko, kunatumwa, na aya inafutika kwa Asha pia, mbele ya macho yake. Programu-jalizi inaweza kuteka kitufe cha u na kujitungia historia yake, lakini hapo itakuwa imejenga kiini cha pili juu ya kile cha kwanza. Basi ni nani aliyeongeza uzito?

Kuhusu mlango wa kwanza, ule wa taarifa za mabadiliko, Neovim inao tayari. Haukujengwa kwa ajili yetu: uchanganuzi wa tree-sitter na mawasiliano ya LSP, vilivyokuja na toleo la 0.5 mwaka 2021, haviwezi kufanya kazi bila kujua nini kimebadilika na wapi. Wapinzani wanavitumia kila siku bila kunung'unika kwamba kihariri kimenenepa.

Nne, wanasema hesabu zenyewe ni ngumu mno na nzito mno. Ugumu upo, tuutazame kwa karibu. Faili ina neno “soko”. Asha anaweka “ma” mwanzoni, nafasi ya 0. Papo hapo Juma anaweka “ni” mwishoni, nafasi ya 4. Badiliko la Asha likifika kwa Juma, anapata “masokoni”. La Juma likifika kwa Asha na kutekelezwa kama lilivyo, nafasi ya 4 sasa iko katikati ya “masoko”, na Asha anapata “masoniko”. Dawa ni kuisogeza nafasi ya Juma herufi mbili mbele kabla ya kutekeleza. Ellis na Gibbs walichapisha njia ya kufanya hivyo mwaka 1989, na baadaye ikagundulika kwamba upo mpangilio wa matukio unaoziacha nakala zikitofautiana. Hili wapinzani hulisimulia kwa furaha, kisha hunyamaza. Hawasemi kwamba mwaka 1995 mfumo wa Jupiter wa Xerox PARC ulilirahisisha tatizo kwa kuweka seva moja katikati, kila mtu akawa anaoanishwa na seva tu. Wala hawasemi kwamba miundo iliyopewa jina la CRDT mwaka 2011, ambamo kila herufi hupewa kitambulisho cha kudumu badala ya namba ya nafasi, inaweza kwenda bila hata seva hiyo.

Kwenye uzito, wanatumia vipimo vilivyozeeka. Kuna rekodi mashuhuri ya majaribio: makala ya kitaaluma ya Martin Kleppmann iliyohifadhiwa kitufe kwa kitufe, herufi 182,315 zikiingizwa na 77,463 zikifutwa. Mwaka 2021 Joseph Gentle, aliyewahi kufanya kazi kwenye Google Wave, aliipitisha katika programu kadhaa za CRDT. Automerge ya wakati ule ilihitaji karibu dakika 5. Yjs ilihitaji karibu sekunde 1. Msimbo wake mwenyewe, ulioandikwa kwa Rust, ulimaliza kwa chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Binadamu anayebonyeza vitufe vitano kila sekunde bila kupumzika angehitaji zaidi ya saa 14 kuifanya kazi hiyo. Anayenukuu dakika 5 na kuruka matokeo mengine mawili amechagua asichotaka mkisikie.

Sasa iwekeni hoja ya tatu kando ya hoja ya nne. Kazi iliyo nyepesi kiasi cha kuachiwa programu-jalizi ya mtu mmoja anayejitolea haiwezi kuwa nzito kiasi cha kuishinda timu nzima ya kiini. Mshika mawili moja humponyoka. Wapinzani waamue watabaki na lipi.

Tano ndiyo hoja yao bora, nami nitaipa haki yake. Wanasema kuoanisha hakuhakikishi maana: nakala zote zitafanana, lakini zinaweza kufanana kwa upuuzi. Ni kweli. Tuseme faili ina mstari wa kodi = 18, kiwango cha VAT cha Tanzania Bara. Asha anafuta 18 na kuandika 16, cha Kenya. Kabla hajaona, Juma naye anafuta 18 na kuandika 20, cha Uingereza. Ufutaji wao unahesabiwa mara moja, maandishi yao yote mawili yanabaki, na mstari unasomeka kodi = 1620 au kodi = 2016. Mashine zote zimekubaliana, na zote zimekosea. Hakuna algoriti itakayojua nia ya mtu.

Lakini kutokana na hilo wanahitimisha kwamba Git ni salama zaidi, na hapo ndipo wanapojikwaa. Mtu mmoja akibadilisha jina la kitendakazi katika faili moja, na mwenzake kwenye tawi lingine akaongeza mahali pa kukiita kwa jina la zamani katika faili nyingine, Git itayaunganisha matawi hayo bila kutoa onyo lolote, na programu itavunjika. Git hugundua kugongana kwa mistari. Kugongana kwa maana haikujui pia. Tofauti ya kweli ni upana wa dirisha la hatari. Wawili walio hewani hutenganishwa na sehemu ya sekunde, na Juma anakiona kishale cha Asha kimekaa juu ya namba ile ile. Kwenye matawi dirisha hilo huwa la siku au wiki. Ama aliyekuwa nje ya mtandao kwa muda mrefu, kazi yake isiingizwe kimya kimya; aonyeshwe tofauti na aithibitishe. Hilo ni sharti la kuwekwa kwenye ubunifu, na wenye kuunga mkono wanapaswa kulikubali bila kusukumwa.

Sita, wanatuletea marehemu wawili kuwa mashahidi: vihariri vya Atom na Xi. Kwamba Atom ilipata Teletype ya kuandika pamoja Novemba 2017 na ikafungwa tarehe 15 Desemba 2022 ni kweli. Kwamba ya kwanza ilisababisha ya pili, hakuna aliyeonyesha. Teletype ilikuwa kifurushi cha kujiwekea mwenyewe, asiyeitaka hakuibeba. Sifa ya Atom ya kuwa nzito ilikuwapo kabla ya hapo, na mwaka 2018 mmiliki wake, GitHub, ilinunuliwa na Microsoft, mwenye Visual Studio Code. Tajiri mwenye vihariri viwili vya aina moja akifunga kimoja, hatuhitaji kutafuta mchawi. Tazameni pia walifanya nini wale walioiona Atom ikifa kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote: Nathan Sobo, mmoja wa waanzilishi wake, na wenzake walijenga Zed, iliyokuwa na kuandika pamoja ndani ya msingi wake, na Januari 2024 wakaifungua chanzo chake.

Kwa Xi, wapinzani hunukuu tathmini ya muundaji wake, Raph Levien, ya mwaka 2020, kwamba CRDT haikustahili gharama yake. Wangeisoma hadi mwisho. Ndani ya Xi, CRDT ilitwishwa kazi ya kuzioanisha programu-jalizi zinazokimbia sambamba kwenye mashine moja, na ndiyo kazi iliyoonekana kugharimu zaidi ya faida yake. Aliujutia pia uamuzi wa kukigawa kihariri katika michakato inayotumiana ujumbe. Watu wawili kuandika pamoja hakukuwahi kuwa huduma iliyokamilika kwa watumiaji wa Xi, kwa hiyo haiwezekani kuwa ndiko kulikoiua. Shahidi huyu ameitwa kutoa ushahidi wa kesi ambayo hakuwapo.

Saba, tunaambiwa hili ni jambo la wenye mtandao wa kasi, si la anayehesabu bando Mwanza au Kisumu. Fanyeni hesabu nami. Hata tukikisia kwa ukarimu kwamba kila herufi hubeba baiti 200 pamoja na vifungashio vyake, mtu anayeandika herufi tano kwa sekunde bila kupumua kwa saa nzima atatuma megabaiti 3.6. Mkutano wa video wa saa hiyo hiyo, ambao ndio njia ya sasa ya kuonyeshana msimbo, hula mamia ya megabaiti. Kisha tmux waliyotupendekezea kwenye hoja ya pili ndiyo inayoteseka zaidi: kila herufi ya mgeni husafiri hadi mashine ya mwenyeji na kurudi ndipo ionekane. Kwenye kihariri cha pamoja herufi yako huonekana kwako mara moja, na mtandao hufuata nyuma. Mtandao ukikatika, unaendelea kuandika. Hoja ya mtandao hafifu ni yetu. Wameishika kwa bahati mbaya.

Nane ni hoja ninayoiheshimu: watunzaji ni wachache na wanajitolea. Bram Moolenaar aliiongoza Vim tangu alipoitoa mwaka 1991 hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2023. Watumiaji wake wanaujua ule mwaliko wa kuwasaidia watoto wa Uganda unaoonekana Vim ikifunguliwa bila faili, kwa ajili ya mradi wa Kibaale alioupigania kwa miaka mingi. Tangu alipoondoka, kazi ile imebebwa na mabega ya watu wenye ajira nyingine, na kuwaongezea mzigo si mzaha. Ndiyo maana dai ni milango mitatu, si mfumo mzima. Teamtype, iliyoitwa Ethersync zamani, inaonyesha mgawanyo huo: programu inayojitegemea, iliyoandikwa kwa Rust, inatumia Automerge, na kila kihariri kina programu-jalizi ndogo tu ya kuzungumza nayo. Watunzaji wa Neovim hawatunzi hata mstari mmoja wa hesabu zake.

Mzigo wa kweli huja pale kiini kinapokataa kusema mambo kwa uhakika. Alama moja ya uso unaocheka ni baiti 4 kwa Neovim, herufi 1 kwa Emacs, na vipande 2 kwa Visual Studio Code, inayohesabu kwa UTF-16. Pasipo mlango rasmi, kila mwandishi wa programu-jalizi atakisia hesabu hiyo kivyake, atakosea kivyake, na malalamiko ya watumiaji yatarudi kwa watunzaji wale wale tuliokusudia kuwapumzisha.

Katika nane, zimebaki mbili zilizosimama: kwamba kuoanisha hakujui maana, na kwamba watunzaji ni wachache. Ya kwanza inadai tahadhari kwa aliyekuwa nje ya mtandao. Ya pili inadai kiini kifanye machache. Milango mitatu inazikidhi zote mbili. Anayeendelea kupinga ana wajibu mmoja tu: ataje mlango. Aseme ni upi kati ya hiyo mitatu unaomdhuru mtu anayeandika peke yake ndani ya Vim, Neovim au Emacs, na adhihirishe dhara hilo kwa mstari wa msimbo au kwa kipimo. Akishindwa, kiraka cha milango hiyo kipokelewe.